Alisema Sio Kweli

Kortini karani hakuulizi kama una hatia. Hilo ni swali la Kiingereza. Ukisomewa mashtaka kwa Kiswahili, unaulizwa tu: ni kweli ama si kweli? Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alisimama kizimbani Jumatatu moja asubuhi, shati la ruracio bado mwilini, akasomewa kwamba aliendesha gari akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti. Akasema, "Sio kweli." Mimi nilikuwa nimeketi benchi la nyuma. Usiku wa Jumamosi nilikuwa nimeketi kando yake ndani ya hilo gari. Nilijua ni kweli.

Tangu siku hiyo najiuliza kama alidanganya. Jibu la haraka ni ndiyo, na kuna wakati nililishikilia. Siku hizi sina uhakika, na nikikueleza kilichotokea huenda nawe ukayumba kidogo.

Tulikuwa tunatoka ruracio upande wa Thika, ile sherehe inayoanza na wazee kuhesabu mbuzi na kuishia na vijana kuhesabu kreti. Alikunywa bia nne nikimwona. Nilimwambia tulale huko, akasema niache kumfanya mtoto, nikaingia. Hapo kwanza niandike jina langu: niliingia. Saa kumi alfajiri, karibu na Githurai, mzee mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni wa kabeji kando ya barabara. Gari likavutwa kushoto, sijui kwa nini, hata binamu hajui. Nikaona mikono ya mzee ikiachilia mkokoteni. Alijirusha mtaroni. Hatukumgusa, hata mkokoteni hatukuugusa vizuri, lakini ulipinduka na kabeji zikabingirika barabarani nyuma yetu, nyeupe kwenye mwanga wa taa za nyuma. Binamu alipunguza mwendo, akatazama kioo, akaniuliza, "Uko poa?" Nikasema niko poa. Akakanyaga mafuta.

Dakika kumi mbele tukakuta kizuizi.

Alipuliza, namba ikazidi. Kipimo kilichowekwa na kanuni za 2011 ni maikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, na yeye alikuwa amepita hapo bila shida. Afisa akamwangalia, akaangalia gari, akauliza lile swali ambalo kila Mkenya mwenye leseni analijua: "Sasa tusaidiane aje?" Pesa ilikuwepo kwenye simu. Binamu akasema, "Nipeleke kortini." Manze, nilijivunia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu wa familia yetu akikataa kutoa kitu kidogo, na alikataa akiwa mlevi. Ni lazima hilo liingie kwenye hesabu zake pia.

Sasa sheria, maana hapa ndipo mambo yanaponoga. Kifaa cha kupima pumzi kiliingia barabara zetu mwishoni mwa 2013. Watu waliamka Jumapili kwenye seli, baa zikalia, na kesi ikapelekwa mahakamani kupinga kanuni zenyewe. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni hizo hazipatani na Sheria ya Trafiki. Tofauti yake ni ndogo kuitamka, lakini ina uzito. Kanuni zilifanya namba iwe kosa. Sheria yenyewe, kifungu cha 44, haitaji namba. Inauliza kama pombe ilikufikisha mahali ambapo huwezi kulidhibiti gari sawasawa. Ukipatikana na hatia, faini ni hadi shilingi 100,000 ama jela hadi miaka 2, ama vyote viwili. Kifaa kimeondoka na kurudi tangu wakati huo, lakini swali la kifungu cha 44 halijaondoka: je, uliweza ama hukuweza?

Wakili wa binamu alijenga utetezi wake hapo hapo. Namba si ushahidi wa kushindwa, alisema. Kuna mtu anaongea upuzi baada ya chupa mbili, na kuna mwingine anamaliza sita na bado anakutajia namba ya simu ya kila mtu darasani kwake. Zaidi ya hayo, kifaa kilikaguliwa lini? Nani alimfundisha afisa kukitumia? Je, aliandika namba pale pale ama aliikumbuka kituoni?

Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilicheka kicheko kibaya. Huu ni ujanja wa wenye pesa, nikawaza. Lakini nimeyarudia akilini mara nyingi, na sicheki tena. Fikiria ni nani aliyekuwa ameshika kile kifaa. Ni mtu aliyekuwa tayari kusoma namba moja ukimpa elfu tatu na namba nyingine ukimnyima. Kama serikali inataka kumfunga mtu kwa neno la afisa wa namna hiyo, basi neno hilo lipigwe darubini, likunjwe, likunjuliwe. Na haiwezekani kulipiga darubini kwa watu wasiolewa pekee. Nani atakayewachagua mapema? Yule yule afisa? Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na hawakutaka kwanza ithibitishwe kwamba mnyonge ni mtu mwema.

Katiba ya 2010 inaliweka wazi kwenye ibara ya 50: unachukuliwa kuwa huna hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, unaweza kunyamaza, na huwezi kulazimishwa kujishtaki kwa mdomo wako. Hata wakati wa kujitetea, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inakupa njia tatu: kula kiapo na kuhojiwa, kusema bila kiapo, ama kukaa kimya kabisa. Wakati binamu anasema "sio kweli" hakuwa ameshika Biblia. Hakuwa anatoa ushahidi. Kwa lugha ya mawakili alikuwa anawaambia waliomshtaki: thibitisheni.

Shida yangu ni kwamba Kiswahili hakina huruma hiyo. Kwa Kiingereza maneno yale mawili yamezoeleka hadi yamekuwa kama kubonyeza kitufe. Hakuna anayeyasikia kama habari ya dunia. "Si kweli" ni habari ya dunia. Mama yangu akiniuliza kama nimekula sukari na nijibu si kweli, hajasikia nikimwambia athibitishe. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, mahakama zetu zinatakiwa kumsomea mshtakiwa kwa lugha anayoielewa na kuandika jibu lake karibu kabisa na alivyolitamka. Ni kanuni nzuri. Lakini imetuachia mamilioni ya watu ambao, ili wapate haki yao, lazima watamke kitu kuhusu ukweli.

Na pale kortini ukweli una bei yake. Jumatatu ile nilikaa na dereva wa matatu aliyeletwa kwa kosa ambalo, kwa maelezo yake, hakulifanya. Nikamuuliza kama atakataa. Akanitazama kama mtu aliyeshuka jana kutoka mwezini. "Nikikataa kuna dhamana. Kuna wakili. Kuna kurudi hapa mara sita. Hiyo gari ni ya wenyewe, na wiki moja nikiwa huku kuna mtu ameshaingia kwa kiti." Jina lake likaitwa. Ni kweli ama si kweli? "Ni kweli." Akasomewa maelezo. "Ni kweli." Haikumaliza dakika tatu. Akaenda kulipa faini akiwa ameangalia saa.

Kwa hiyo kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimemsikia mtu aliyelewa akisema si kweli, na mtu ambaye huenda hakuwa na kosa akisema ni kweli. Ukiniuliza nani kati yao alidanganya, nitakuuliza kwanza nani alikuwa na pesa za wakili. Dereva yule ndiye aliyenifanya nisiweze kumlaumu binamu kwa kukana. Kama kukana ni dhambi, basi maskini ndio watakatifu wetu kwa kukosa nauli ya kurudi kortini, na hilo silikubali.

Nilidhani nimemaliza hapo. Kukana ni sawa, kusema uongo chini ya kiapo si sawa, kwisha. Kisha wakili akanipigia simu.

Aliongea kwa upole. Alisema mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari, kwa hiyo naweza kusaidia sana. Namba ya kifaa haisemi alivyoendesha. Mimi naweza kusema. "Alikuwa anaendesha vizuri, si ndiyo?"

Hapo ndipo kabeji zikaanza kubingirika tena.

Tazama jinsi sheria ilivyonibana. Swali lake ni kama binamu aliweza kulidhibiti gari. Kifaa hakiwezi kulijibu. Afisa hakuona chochote. Alitukuta tumesimama kwenye foleni ya kizuizi kama watu wastaarabu. Walioona ni watatu: binamu, mimi na mzee wa mkokoteni. Binamu ana haki ya kunyamaza. Mzee hajulikani aliko. Kwenye karatasi ya mashtaka hayupo kabisa, wala mtaro, wala kabeji. Nikabaki mimi.

Nilimwambia wakili kwamba nikipanda kizimbani nitajibu kila nitakachoulizwa, pamoja na habari za Githurai. Akauliza kulitokea nini Githurai. Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Basi hatutakuita," akasema, bado kwa ule upole wake. Na hakukosea. Hawezi kumleta shahidi wa kumzamisha mteja wake, na kwa kutoniita hakumdanganya hakimu. Kila mtu alifuata utaratibu. Nilipokata simu ndipo nilipogundua kwamba kimya changu sasa ni sehemu ya utetezi. Sikukubali kiwe hivyo, lakini sikufanya chochote kukizuia.

Lililonitisha zaidi lilikuja baadaye kidogo, kama wiki tatu. Tulikuwa kwa shangazi, anatupakulia, akauliza kesi imefika wapi. Binamu akamwambia, "Mum, kwanza sikuwa nimelewa. Hizo mashine zao ni za kukusanya pesa." Alisema bila kupepesa. Nikamsubiri nje, nikamwuliza kuhusu mzee. "Yule? Si alijirusha mwenyewe? Hakuwa hata na taa."

Hakuwa na taa, hiyo ni kweli. Mikokoteni mingi haina. Lakini Jumamosi ile, kabla ya kizuizi, binamu hakusema habari ya taa. Alikuwa anatetemeka mikono, na alishusha kioo ili apate hewa. Neno alilolisema kortini kama utaratibu lilikuwa limemfuata nyumbani, likavua koti, likaketi mezani. Sidhani alikuwa anamdanganya mama yake. Nadhani alikuwa ameanza kuamini. Na usinicheke, lakini usiku huo nilipojaribu kuhesabu zile chupa nilipata tatu. Nilirudia. Tatu. Ilibidi nikumbuke nani alileta ya nne, na alivyoifungua kwa meno, ndipo ikarudi.

Haki ya kukana ni ngao dhidi ya serikali, na dhidi ya serikali nitaitetea hata kwa mtu ninayemjua alikuwa chakari. Lakini mzee wa mkokoteni si serikali. Hakumshtaki mtu, hana wakili, hakumwambia binamu apulize chochote. Mbele yake ibara ya 50 haina kazi. Anaweza kuambiwa ni kweli bila mtu yeyote kufungwa, na binamu akishinda kesi yake, kama nadhani atashinda, deni lile litabaki pale pale lilipo. Wakili hakuajiriwa kwa ajili ya hilo na sitarajii alifikirie. Mimi na binamu ndio tulioangalia kioo.

Nimeenda Githurai mara mbili, alfajiri, kumtafuta. Mikokoteni ni mingi kuliko nilivyodhani. Kijana mmoja aliyekuwa anapanga sukuma kwenye gunia akaniuliza mzee ninayemtafuta anakaa aje, ni mrefu, ni mfupi, ana ndevu? Nikafungua mdomo, nikakosa la kusema. Namkumbuka kwa mikono tu. Kijana akasema kuna mzee mmoja wa kabeji huja Jumamosi, siku hizi anachechemea, lakini hajui kama ndiye.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Binamu ameniomba niandamane naye, nikae tu nyuma kama siku ile, kumtia moyo. Nimemjibu kwamba nitaenda, lakini kwanza Jumamosi hii saa kumi alfajiri twende naye Githurai, kwa miguu ama kwa matatu. Ujumbe umesomwa tangu jana. Alama mbili za buluu. Hajajibu.