Kilele ni cha Nani?

Mtu wa Bariadi, aliyekulia kwenye mashamba ya pamba ya Simiyu, aazimiapo kuupanda Kilimanjaro, huizoeza miguu na pumzi, hutafuta mavazi ya baridi, kisha hujikabidhi kwa mwongoza njia. Mbele yake hutangulia wapagazi, kila mmoja na mzigo usiopaswa kuzidi kilo 20. Afikapo mita 5,895 husema: "Nimepanda." Je, amesema kweli?

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Sifa ikawa yao. Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki akiwalindia kambi ya juu katika baridi ile, wangapi wamjua? Wasukuma nao wana kumbukumbu ya mzigo: katika karne ya 19 babu zao walibeba pembe za ndovu hadi Pwani, na utajiri ukawa wa wengine.

Ujira hulipa mzigo; haulipi uhai uliolindwa. Hata hivyo, miguu ya mpandaji haikukodiwa, na jitihada yake ni halali. Kosa lake limo katika nafsi ya kitenzi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Ashukapo, basi, na aseme "Tumepanda," kisha awataje wenzake kwa majina.