Deni la Dinari Mia



Tumeombwa tuandike machache juu ya kuyaishi Maandiko siku kwa siku. Sisi hatukusomea upadre. Kazi yetu kwa miaka mingi ilikuwa ubao na chaki, na zaidi hesabu za darasa la sita na la saba. Chuoni tuliposomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hajaijua hesabu mpaka aifanye mwenyewe dukani, fedha zikiwa mkononi. Basi mtatuwia radhi tukianza na hesabu.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, tangu mstari wa 21 hata mwisho, Bwana wetu anasimulia habari za mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika sura ya 20 ya Injili hiyo hiyo. Na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angetumika miaka 20 kuipata talanta moja, tena bila kula wala kuvaa. Talanta 10,000 zingemchukua miaka 200,000! Mtumwa yule alipoanguka kifudifudi akasihi avumiliwe, naye atalipa yote, alikuwa akiahidi jambo lisilowezekana. Mfalme alilijua hilo, akamwachilia, akamsamehe deni lote.

Sasa tuzitazame zile dinari 100 alizomdai mwenzake. Mara nyingi tumesikia ikihubiriwa kwamba hilo lilikuwa deni dogo, si kitu. Sisi hatukubali. Ni ujira wa siku 100, yaani zaidi ya miezi mitatu. Aliyewahi kukaa miezi mitatu bila mshahara anajua kama ni kitu au si kitu. Bwana wetu hakusema kwamba tuliokosewa hatukukosewa. Alichofanya ni kuliweka deni hilo kando ya lile jingine, ili tulione kwa ukubwa wake wa kweli. Ukigawanya, lile la kwanza ni mara 600,000 ya hili la pili.

Yako mambo mengine mawili ya kuangalia. La kwanza, mwenzake alimsihi kwa maneno yale yale aliyoyatumia yeye mbele ya mfalme, wala hakuyatambua. La pili, hakushindwa mbele ya mfalme. Huko alipiga magoti vizuri kabisa. Alishindwa alipotoka nje. Nasi tukishapokea baraka na kuvuka kizingiti cha kanisa, ndipo mtihani wetu unapoanza.

Ndugu, haya hatuyasemi kwa kuyasoma tu. Mwaka 2021 jirani yetu, ambaye ni Mkatoliki, alitujia nyumbani usiku. Binti yake amepata nafasi katika chuo cha ualimu na ada imepungua. Tulimkopesha shilingi laki tatu katika akiba yetu ya uzeeni, naye akaahidi kulipa atakapouza machungwa. Msimu ule machungwa yalishuka bei sana. Hakulipa, wala hakuja kusema neno. Akaanza kupitia njia ya mtoni asipite mbele ya baraza letu. Nasi tukaacha kumsalimu. Hata tulipokutana msibani, kila mmoja aliangalia upande wake. Hali ikaendelea hivyo miaka miwili, na katika miaka hiyo hatukukosa Misa hata Jumapili moja.

Mwezi Septemba 2023 Injili ilitufuata mpaka nyumbani. Tarehe 10 tulisomewa Mathayo 18 kuanzia mstari wa 15, Bwana anapoagiza kwamba ndugu yako akikukosea, uende wewe kwake, mkiwa wawili tu. Tulirudi tukasema, "Yeye ndiye mdaiwa, na aje yeye." Juma zima tukapata sababu: mara mvua, mara miguu. Tarehe 17 ikaja habari ya mtumwa huyu. Siku hiyo zamu ya kusoma somo la kwanza ilikuwa yetu, nalo lilikuwa Mwanzo 50, Yusufu anapowasamehe ndugu zake. Tukasimama mbele ya watu tukasoma kwa sauti nzuri ya kiualimu, huku tunajua vema jina la mtu ambaye hatujamsamehe. Hatukuwahi kuona aya ndefu kama ile.

Jioni ya Jumatatu tukachukua fimbo yetu tukaenda. Tukabisha hodi. "Karibu, Mwalimu," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Nilijua utakuja, au nitakuja mimi. Jana tumesomewa habari za mdeni."

Tulishangaa, ingawa haikupasa kushangaa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, Kanisa Katoliki lilitoa mwaka 1969 mpango mpya wa masomo ya Misa, wenye mzunguko wa miaka mitatu ya Jumapili, ili waumini wasikie sehemu kubwa zaidi ya Biblia. Makanisa mengine yaliuona kuwa mwema, wakautengeneza kwa matumizi yao. Ule unaofuatwa na Waanglikana wengi ulikamilika mwaka 1992. Kwa hiyo Jumapili ile Injili kwetu na kwao ilikuwa moja, Zaburi ilikuwa moja, ya 103, na Waraka ulikuwa mmoja, Warumi 14. Sisi tulisoma habari za Yusufu, wao wakasoma Yoshua bin Sira, kitabu ambacho Kanisa letu nalo hukisoma kwa mafundisho ya maisha, pale anapouliza mtu awezaje kumwekea mwenzake hasira na huku anamwomba Bwana amponye. Kengele mbili ziliita watu wa njia mbili, na mfalme aliyesema nao ni yule yule.

Basi tukamwambia kwamba tumekuja kumsamehe. Tulidhani kazi imekwisha. Ndipo mama wa nyumba ile, aliyekuwa akichambua mchicha, akasema kwa upole, "Shikamoo, Mwalimu. Fedha ni deni letu, hatulikatai. Lakini lile neno ulilolisema dukani, kwamba binti yetu anasoma kwa fedha ya wizi, limemfikia chuoni kwake. Hilo nani atalilipa?"

Ndugu, tulikuwa tumelisahau neno lile. Tulilisema mara moja, kwa hasira, mbele ya watu watatu. Tulikuja na daftari lenye jina la mdaiwa mmoja, kumbe majina yalikuwa mawili, na la pili ni letu. Tukaomba radhi hapo hapo, kwao wawili. Asubuhi yake tukarudi dukani tukalifuta neno letu mbele ya mwenye duka, jambo ambalo lilitugharimu kuliko zile laki tatu. Na binti alipokuja likizo tukamwomba radhi na yeye.

Jirani yetu hakutaka deni lifutwe lote. Alisema mtu naye ana heshima yake. Tukapatana alipe kidogo kidogo kila msimu. Mpaka leo halijaisha. Lakini hapiti tena njia ya mtoni.

Tumejifunza nini? Ndugu zetu Wakatoliki wana desturi ya kale ya kulitafakari Neno, ambayo mtawa mmoja wa Ufaransa, Guigo wa Pili, aliieleza katika karne ya 12 kama ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Ni ngazi njema, twaweza kuipanda hata sisi jikoni na shambani. Lakini aliyepanda hana budi kushuka, na chini ya ngazi yupo jirani.

Basi twawaomba jambo moja jepesi. Jumatatu, kabla ya kazi, isomeni tena Injili ya Jumapili. Kisha kila mtu ajiulize: nikitoka nje ya mlango huu, ni nani nitakayemkwepa njiani? Akishalijua jina lake, aende kwake kabla ya Jumapili nyingine. Na aendapo, asichukue hesabu ya anachodai peke yake. Achukue na masikio, huenda naye akasomewa deni lake.

Mungu mwenye rehema, aliyetusamehe tusichoweza kukilipa, atujalie kuyatambua maombi yetu wenyewe tunapoyasikia vinywani mwa wengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.