Je, Mwanamke Aliyefanikiwa Ana Deni kwa Wenzake?

Waswahili husema, "Mkono mmoja haulei mwana." Kwetu Uganda, Waganda husema kwamba kuni moja moja ndizo zinazofanya tita. Methali hizi zinatufundisha kwamba hakuna anayefika peke yake. Lakini zinaacha swali moja bila jibu: aliyekwisha kufika anadaiwa nini na wale waliobaki nyuma? Swali hili huwabana zaidi wanawake. Mwanamume akifanikiwa, watu humpongeza. Mwanamke akifanikiwa, watu humpongeza kisha humuuliza, "Na wenzako je?" Katika insha hii nitalitazama swali hilo kwa wanawake wa aina tatu: mshauri anayeuza ujuzi wake, mwenye biashara, na kiongozi wa shirika lisilo la kibiashara.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, kikundi cha akina mama wa mpakani Busia kiliniomba nitafsiri katiba yao ya kuweka na kukopa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Baadhi yao ni Wakenya, wengine Waganda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Walisema, "Wewe ni binti yetu, utusaidie." Sikutaja bei. Niliona aibu kuwadai wanawake wanaouza dagaa na mitumba. Basi niliifanya kazi ile usiku, baada ya kazi nyingine zilizokuwa na malipo, macho yakiwa yamejaa usingizi. Katiba ilisema kwamba mkopo utatozwa asilimia 10 kwa kipindi chote cha mkopo. Mimi niliandika "kwa mwezi".

Mama mmoja alikopa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu. Alipokuja kulipa alidaiwa riba ya shilingi 90,000 badala ya 30,000. Kikundi kiligawanyika, na yule mama aliitwa mdanganyifu mbele ya wenzake kabla mtu hajafungua nakala ya Kiingereza. Nilikwenda kuomba msamaha. Mweka hazina aliniambia hivi: "Mwanangu, kama tungekulipa, tungeikagua kazi yako. Kwa kuwa ulitupa bure, tuliona haya kukuuliza."

Maneno hayo sijayasahau. Nilidhani kwamba kutoza bei ni ubinafsi na kutoa bure ni wema. Kumbe bure yangu ilikuwa na bei, na aliyeilipa ni mwanamke maskini kuliko mimi. Kwa hiyo mshauri ana deni, lakini deni lake la kwanza ni kazi iliyo sahihi. Huenda mtu akasema kwamba kila mjuzi akitoza ada, maskini hatapata ushauri. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kutaja bei waziwazi, kisha kuipunguza au kuisamehe waziwazi. Hapo kazi inabaki kuwa kazi, ina tarehe na ina mtu wa kuulizwa.

Sasa nije kwa mwenye biashara. Shangazi yangu ana cherehani nne katika soko la Owino, Kampala, na hushona sare za shule. Ndiye aliyenilipia karo, kwa hiyo nikizungumzia deni nazungumzia ninalolijua. Kwa miaka mingi aliwachukua wasichana na kuwafundisha ushonaji bila ada. Mmoja wao alipohitimu alifungua kibanda mkabala na chake na kuondoka na wateja wawili wakubwa. Ndugu zetu walimlaani msichana yule kwa kukosa shukrani. Shangazi alinyamaza wiki nzima, kisha akasema, "Nilimfundisha kushona, sikumnunua."

Baadaye alikwenda mbali zaidi. Alipiga hesabu, akaona kwamba yule msichana alijifunza kwa miezi sita, lakini alishona sare kwa miaka miwili bila mshahara, kwa sababu wote wawili waliuita uhusiano wao "msaada". Nani basi alikuwa akimsaidia mwenzake? Siku hizi kila mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza: miezi sita ya kujifunza, na baada ya hapo kila nguo ina malipo yake. Mwenye biashara anaweza kujiona mkarimu huku akila jasho la anayemsaidia.

Hapa namkumbuka Esther Ocloo wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1919. Alianza biashara kwa shilingi kumi alizopewa na shangazi yake, akatengeneza jemu ya machungwa na kuiuza. Alipokuwa mwenye kiwanda aliwafundisha wanawake wengine ujuzi wake, na mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Women's World Banking, taasisi ya kuwawezesha wanawake kupata mikopo. Jambo linalonigusa ni kwamba zile shilingi kumi hazikumalizikia kwa kumshukuru shangazi. Deni la wema mara nyingi halirudi lilikotoka. Huenda mbele, kwa mtu mwingine.

Tatu ni kiongozi wa shirika. Yeye ndiye mwenye mtihani mgumu zaidi, kwa sababu fedha anazozishika si zake. Mshauri akisamehe ada, anasamehe chake. Kiongozi wa shirika akimpa mpwa wake kazi kwa kuwa "tumetoka mbali pamoja", anatoa amana ya watu. Ukarimu kwa mali isiyo yako ni wizi uliovaa kanga nzuri. Najua haya ni maneno mazito kwetu, ambako anayekataa kumwajiri ndugu huambiwa amejifanya Mzungu. Hata hivyo, yule ndugu ana mlango mwingine, yaani mshahara wa kiongozi mwenyewe. Amsaidie kutoka humo.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya alituonyesha njia. Vuguvugu la Green Belt aliloanzisha mwaka 1977 liliwashirikisha wanawake wa vijijini katika kupanda miti. Wanawake hao walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliostawi. Malipo hayo yalikuwa madogo, lakini yalitambua kwamba mwanamke wa kijijini, hata akifanya kazi kwa ajili ya nchi yake, anafanya kazi. Mwaka 2004 Wangari alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, lakini miche ile ilimwagiliwa na wengi.

Kwa kuhitimisha, jibu langu ni ndiyo: mwanamke aliyefanikiwa ana deni, kama alivyo nalo mwanamume aliyelelewa na kusomeshwa na wengine. Tukosee hapa na tutakuwa tumewabebesha wanawake mzigo ambao wanaume hawauoni. Lakini deni linapaswa kuwa na kipimo. Deni lisilotajwa haliishi, na asiyejua mwisho wa deni lake huwa mtumwa au mtoro. Mshauri alipe kwa kazi sahihi, mwenye biashara kwa mapatano ya wazi, na kiongozi kwa kulinda amana.

Mimi niliitafsiri upya katiba ya Busia. Safari hii nilitaja bei, nao wakaomba nipunguze nusu, nikakubali. Kisha mweka hazina aliketi nami saa mbili nzima, tukaisoma mstari kwa mstari, akiniuliza kila neno.