Somo la 9: Kugusa Kabla ya Kuponya

Soma kwa Ajili ya Funzo la Juma Hili: Law. 13:45, 46, 14:2, 3, Mt. 8:1–4, Mk. 1:40–45, Lk. 10:1–9, Mdo. 9:36–42.

Fungu la Kukariri: Mathayo 8:3.

Sabato Mchana

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Miaka iliyofuata, bibi wengi waliotazamia kutunzwa na watoto wao waliwazika, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Leo zipo dawa za kufubaza virusi, na mwenye VVU anayezitumia vizuri anaweza kuishi miaka mingi, akilima, akifundisha, akiimba kwaya. Lakini unyanyapaa hautibiwi kwa kidonge.

Kanisa linapopanga safari ya utume kwa watu hawa, nguo, unga na sabuni huweza kukusanywa kwa juma moja. Moyo wa atakayevibeba vitu hivyo huhitaji muda zaidi. Maandalizi yake yamo katika aya nne za Mathayo 8.

Jumapili: Mkono Ulionyoshwa

*Soma Mathayo 8:1–3 na Walawi 13:45, 46. Ni lipi lililotangulia, kugusa au kutakasika?*

Mwenye ukoma alikaa peke yake nje ya kambi, akijitangaza kuwa najisi. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, kama alivyomponya mtumishi wa akida katika sura hiyohiyo. Badala yake alinyosha mkono akamgusa, na mtu yule aliguswa angali na ukoma. Marko anataja sababu: Yesu alimhurumia.

Wala hakuulizwa ugonjwa aliupata wapi. Miongoni mwa wanaoishi na VVU wamo wake waliokuwa waaminifu kwa waume zao, wamo waliozaliwa na virusi, wamo pia waliokosa na kutubu. Anayekwenda kuwahudumia na aache nyumbani swali la “aliupataje?”

Jumatatu: Mgeni Mezani

*Soma Luka 10:1–9. Kwa nini Yesu aliwaagiza wale sabini wale na kunywa walichopewa?*

Waliotumwa walikuwa wageni kabla ya kuwa wahubiri. Katika nyumba nyingi unyanyapaa huanzia mezani: kikombe cha mgonjwa huwekwa kando, sahani yake huoshwa peke yake. Lakini VVU haviambukizwi kwa kula pamoja, kushikana mikono wala kukumbatiana. Huambukizwa kwa kujamiiana, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Timu ijifunze hayo kwa mhudumu wa afya kabla ya kuondoka, maana hofu huonekana usoni hata mdomo ukinyamaza. Mgeni anayekataa uji wa mwenyeji wake amekwisha kuhubiri, na hubiri lake limeeleweka.

Atakayesafisha vidonda avae glavu, kama afanyavyo kwa mgonjwa yeyote. Mwenye kikohozi asisafiri mpaka apimwe kifua kikuu, kwa kuwa mwenye kinga dhaifu ndiye anayehitaji kulindwa dhidi ya mgeni.

Jumanne: Nenda kwa Kuhani

*Soma Mathayo 8:4 na Walawi 14:2, 3. Kuhani alikuwa na kazi gani?*

Kuhani ndiye aliyechunguza na kuthibitisha. Yesu alikuwa amekwisha kuponya, lakini hakuiruka hatua hiyo.

Wako wagonjwa walioombewa, wakatangaziwa kuwa wamepona, wakaacha dawa. Dawa ikiachwa virusi huongezeka tena, na wako waliokufa hivyo. Kila mwana timu akubali jambo hili kabla ya kupanda gari: timu itaomba kwa imani, na mgonjwa akiwaita wazee watampaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoelekeza, lakini hakuna atakayemwambia mtu aache dawa. Arudi kliniki, apimwe wingi wa virusi katika damu.

Anayeendelea na dawa hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mama anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na VVU. Hizo nazo ni habari njema, na ziko nyumba ambazo hazijazisikia.

Jumatano: Siri ya Mtu

Katika aya hiyohiyo Yesu alimwagiza aliyeponywa asimwambie mtu. Naye Yesu hakuzunguka Galilaya akimwonyesha kwa umati. Nchini Tanzania, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mwenye VVU. Mfuasi wa Kristo alipaswa kuilinda hata kabla ya sheria hiyo. Basi pasiwe na picha, wala majina katika ripoti itakayosomwa Sabato. Hata ombi la maombi linaweza kuwa umbea uliovaa joho. Na gari lenye bango la UKIMWI likisimama mlangoni pa mtu, jirani hana haja ya kuuliza.

Alhamisi: Kanzu za Dorkasi

*Soma Matendo 9:36–42. Wajane walimwonyesha Petro nini?*

Dorkasi aliwashonea wajane wa mji alikoishi, Yafa. Timu hukaa siku chache. Kanisa la mahali hubaki. Kwa hiyo wenyeji waulizwe kwanza nini kinahitajika, na nani atamtembelea bibi yule na wajukuu wake wageni wakiondoka. Wenye VVU wamo pia katika makanisa yanayotuma timu. Huenda safari ya kwanza ni ya kwenda benchi la nyuma.

Ijumaa: Jifunze Zaidi

Katika *Huduma ya Uponyaji* (1905), Ellen G. White anaonyesha utaratibu wa Kristo: alichangamana na watu, akawahurumia, akawahudumia, wakamwamini, ndipo akawaita wamfuate. Linganisha utaratibu huo na ratiba ya safari inayopangwa na kanisa lenu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mwenye VVU akisikia mazungumzo ya kanisani kwenu kuhusu UKIMWI, je, angethubutu kuomba msaada? Kwa nini?

2. Mgonjwa anawaambia kuwa mhubiri fulani amemwagiza aache dawa. Mtamjibuje bila kuidharau imani yake?

3. Ni mambo gani ambayo timu haitayasimulia ikirudi, hata kama yangewagusa wasikilizaji?