Yule wa Bethsaida Alisema Kweli

Somo letu wiki hii ni Marko 8:22-26. Bwana Yesu anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji cha Bethsaida, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu angeweza kuitikia tu kwamba anaona, asije akamvunjia heshima aliyemhurumia. Akasema kweli: anawaona watu, ila ni kama miti inayotembea. Yesu hakumkemea. Alimwekea mikono mara ya pili, naye akaona vizuri.

Nawafikiria vijana wetu wanaopita Mwanjelwa, hapa Mbeya, na baiskeli alfajiri, viazi vimefungwa nyuma, malori ya Tunduma yakiwapita karibu kabisa na bega. Wapo ambao lori likiwa mbali wanaliona kama kivuli. Ukiwauliza, wanasema wanaona vizuri, kwa sababu wanaogopa kuitwa macho manne. Siku hizi wengine wananiuliza kuhusu lenzi za kuvaa ndani ya jicho, kwa kuwa hakuna atakayejua. Swali lao ni la haki, nami sitalikwepa.

Lenzi zenyewe ni kazi nzuri ya akili ambayo Mungu amewapa wanadamu. Mwaka 1961 mkemia Otto Wichterle alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake Prague, kwa mashine aliyoiunda mwenyewe kwa vifaa vya kuchezea vya watoto na dainamo ya baiskeli. Mwendesha baiskeli akizivaa, anaona hadi pembeni bila fremu kumzuia, haziteremki puani kwa jasho, wala haziingii ukungu anaposimama asubuhi ya Julai huku anahema.

Lakini vumbi letu ni jambo lingine. Kiangazi, chembe moja ikiingia chini ya lenzi, jicho linawaka na kutoa machozi, na wewe uko katikati ya magari. Huwezi kuitoa kwa vidole vilivyoshika mnyororo na mkaa. Tena lenzi hazitaki maji ya bomba wala ya kisima, kwa maana humo anaweza kuwamo kijidudu kiitwacho akanthamiba, kinachoshambulia kioo cha jicho na kinachoweza kupofusha. Wala usilowanishe lenzi kwa mate. Yale ya Bethsaida yalikuwa ya Bwana. Ya kwetu yana vijidudu. Usilale nazo, na dawa yake ya kusafishia ibadilishwe kila siku. Mtu asiye na uhakika wa kuipata dawa hiyo kila mwezi asianze.

Kwa hiyo, kwa anayetafuta riziki barabarani hapa kwetu, nasema miwani kwanza. Inakinga upepo, vumbi na wadudu. Omba miwani yenye lenzi za plastiki ngumu, kwa sababu za kioo zikivunjika unapoanguka zinaweza kukukata, na uifunge kwa kamba nyuma ya kichwa. Uliza pia kama zinazuia mionzi ya jua: Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi hiyo ina nguvu zaidi huku juu hata siku tunapovaa makoti. Mvua ikiifunika miwani, shuka, uifute. Anayemudu lenzi, na mtaalamu wa macho amemkubalia, azivae. Lakini juu yake aweke miwani nyeupe ya kukinga upepo, na mfukoni awe na miwani yake ya kuonea.

Linalonihuzunisha ni aibu. Tumeifanya miwani kuwa ya wazee na wasomi, hadi kijana anaona afadhali kuhatarisha maisha kuliko kuchekwa kijiweni. Mama anayemcheka mwanawe, na rafiki anayemtania, wajue wanamfundisha kudanganya kuhusu macho yake. Kanisa nalo lisinyamaze. Yule mtu aliponywa kabisa baada ya kukiri kwamba bado haoni sawasawa.

Basi ndugu yangu mwenye baiskeli, kabla hujanunua kengele au taa mpya, nenda ukapimwe macho. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko hapa hapa jijini. Na mpimaji akikuonyesha herufi usiyoiona, usibahatishe, mwambie huioni.