Miaka ya Tabibu

Wabaadu. Huuliza baba: mwanawe ataka kuwa tabibu wa maradhi yote, mbona asome miaka 10? Kwani huko Uingereza hukaa chuoni miaka 5, kisha hutumika chini ya wakubwa wake 2, kisha hufunzwa kazi hiyo 3. Jawabu ni kuwa mgonjwa huja kwake kwanza, hali hajui auguacho. Kikohozi chaweza kuwa mafua, chaweza kuwa kifua kikuu. Kupambanua ndiyo elimu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, akawalaumu waliosongamana kwenye fikihi hata miji ikakosa tabibu Mwislamu. Na atibuye pasi na ujuzi, sharia humtoza dhamana. Basi baba na asubiri: miaka ile ni amana ya roho za watu. Wallahu aalam.