Neno la Kurudi

Maji ya mto Tana yanayopita hapa Garsen hushuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, lakini huku deltani mlima ni wa kusikia tu. Nchi ni tambarare, na mtungi wa oksijeni tunaujua wa wodini. Mei 2024, mafuriko yakiwa bado mashambani, tulipata habari za kifo cha Cheruiyot Kirui, mpanda milima Mkenya, na mpaka leo hazijanitoka.

Kirui, mfanyakazi wa benki, alitaka kufika kilele cha Everest, mita 8,848, bila oksijeni ya chupa. Hakuwa wa kubahatisha: mwaka 2023 alipanda Manaslu, mita 8,163, kwa pumzi zake mwenyewe. Reinhold Messner na Peter Habeler walikwishafika Everest hivyo mwaka 1978. Nia hiyo naiheshimu.

Ila kule juu kanieneo ya hewa ni kama theluthi moja tu ya hii ya kwetu, na akili huchoka mapema. Anayekosa oksijeni hulewa bila pombe, akajiona mzima. Taarifa za kambini zilisema Nawang Sherpa, mwongozaji aliyefuatana naye, alieleza kwamba Kirui amekataa kurudi, na chupa pia ameikataa. Najiuliza aliyekataa ni nani: Kirui aliyepanga safari kwa miezi, au ule upungufu uliokwisha kumwingia kichwani?

Ndiyo maana naona neno la kurudi lisemwe chini, akili ikiwa timamu, na akabidhiwe mwenzio: ukiniona hivi na hivi, nivalishe barakoa, usinisikilize. Mto ukifura, mwenye mtumbwi ndiye anayeamua kama kuna kuvuka. Abiria, hata awe na mgonjwa, hashiki upondo. Mlimani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu anayeongoza ameajiriwa na anayeongozwa, na ulimi wa mwajiriwa ni mzito. Tena kumshurutisha mtu mzima kwenye barafu ni hatari kwa wote wawili.

Nawang naye hakurudi. Huku kwetu jina lake halitajwi sana, na hilo linaniuma, maana yaelekea alibaki na mtu wake pale ambapo angeweza kushuka peke yake.

Mwili wa Kirui ulionekana mita chache chini ya kilele. Familia yake ilikaa, ikashauriana, ikaamua uachwe huko huko, ili asihatarishwe mtu mwingine kwa kuufuata.